Tiketi ya Mwendo Kasi California: Namna ya Kuipinga Pale Utafiti wa Barabara Unapokuwa Umezeeka

Tiketi yangu ya kwanza California niliipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Bango lilisema maili 35 kwa saa, askari akasema tochi yake imesoma 48. Nilipopewa nafasi ya kujitetea nikasimama na kusema kwa adabu zote, "Mheshimiwa, sikuwa 48, nilikuwa kama 45 hivi." Nilidhani nimelipunguza kosa. Hakimu akaandika, akanitia hatiani kwa zile 45 nilizozitaja mwenyewe. Huko nje kwenye benchi, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaniuliza kama nilikuwa nimeomba kuona utafiti wa barabara ile. Utafiti gani tena? Ndipo alipoanza kunipa somo ambalo leo naliandika hapa.

Kwetu ukipigwa tochi kwenye kibao cha 50, hoja ni moja tu: ulizidisha au hukuzidisha. California kuna hoja ya pili, na kwenye barabara nyingi za mjini ndiyo yenye nguvu zaidi: ni nani aliyesema hapa ni 35, alipima nini, na alipima lini? Mwongozo huu ni wa California peke yake. Ukiwa Texas, Ohio au Minnesota usiunakili, maana kila jimbo lina sheria zake.

Sheria inasemaje

Kitabu cha kushika mkononi ni Vehicle Code, yaani sheria za magari za California. Kifungu 22350 ndicho sheria ya msingi ya mwendo: usiendeshe zaidi ya mwendo wa busara kwa kutazama hali ya hewa, umbali unaoweza kuona, wingi wa magari, na upana na hali ya barabara yenyewe. Chini ya kifungu hiki namba iliyo kwenye bango ni dhana tu. Ukiizidi unachukuliwa kuwa umekosea, lakini mlango wa kuthibitisha vinginevyo uko wazi.

Kwa kuwa ni dhana, sheria inadai isitoke hewani. Mji hauwezi kubandika 30 kwenye barabara ambayo kila mtu mwenye akili timamu huenda 45, kisha ukaficha askari mwenye rada nyuma ya mti na kuvuna faini. Kipande cha barabara kinachosimamiwa kwa rada au kifaa kingine cha elektroniki, huku kikomo chake hakina utafiti halali wa kihandisi na trafiki (mhandisi kupima mwendo halisi wa magari na kuangalia ajali na hali ya barabara), kifungu 40802 kinakiita mtego wa mwendo. Baada ya hapo vifungu vitatu vinafuatana kama mabehewa. 40803 kinakataza mahakama kupokea ushahidi wa mwendo uliotokana na mtego. 40804 kinasema askari aliyeutumia hafai kuwa shahidi wa mwendo huo. 40805 kinainyima mahakama mamlaka ya kukutia hatiani ikiwa imepokea ushahidi wa namna hiyo. Andika namba hizi nne kwenye karatasi ndogo, utaihitaji.

Na kuna kipande cha 40803 ambacho watu wengi hawakijui. Katika kesi inayotegemea rada, mzigo wa kuonyesha kwamba mahali pale si mtego uko kwa upande wa mashtaka. Wewe hudaiwi kuthibitisha kwamba utafiti umezeeka. Lakini nakushauri uthibitishe hivyo hivyo, kwa sababu hakimu mwenye kesi arobaini asubuhi moja hapendi nadharia. Anapenda karatasi yenye tarehe.

Hatua ya kwanza: isome tiketi kabla hujafanya lolote

Kusaini tiketi barabarani si kukiri kosa, ni ahadi tu ya kufika au kujibu. Usipojibu kwa tarehe iliyoandikwa chini, hilo ni kosa jingine, tena zito kuliko la mwendo. Kwa hiyo tarehe hiyo iingie kwenye simu siku hiyo hiyo.

Kisha tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni namba ya kifungu. Ikiwa ni 22350, endelea kusoma. Ikiwa ni 22349 au 22356, umeshitakiwa kwa kuvuka kikomo cha juu kabisa cha jimbo: 65 kwenye barabara kuu nyingi, 55 kwenye barabara ya njia mbili isiyo na ukuta wa katikati, 70 pale palipoandikwa 70. Hapo hakuna dhana yoyote, na hoja ya utafiti haikusaidii. Nimewaona jamaa wakiibeba hoja hii mpaka mahakamani wakiwa na tiketi ya 22349. Wakaondoka bila hata kusikilizwa.

Cha pili ni kisanduku kilichoandikwa P.F./Max Spd. pale kwenye mstari wa mwendo. Hizo P.F. (prima facie) ndizo zinazohusu kikomo cha dhana. Mstari huo huo una mwendo wako kwa makadirio ya askari, mwendo aliouona kuwa salama, na kisanduku cha Radar.

Cha tatu ni namna ulivyopimwa. Rada na mashine ya leza zote ni vifaa vya elektroniki, kwa hiyo utafiti unatakiwa. Ikiwa askari alikufuata nyuma na kusoma spidomita ya gari lake, utafiti hautakiwi, na hoja hii inaanguka. Kama tiketi haisemi, andika usiku ule ule unachokumbuka: alikuwa amesimama wapi, alishika nini, alisema nini.

Nawe ulisema nini? Swali la askari, "Unajua ulikuwa unaenda kasi gani?", limeulizwa kwa makusudi, na jibu lako huandikwa nyuma ya nakala anayobaki nayo. "Sijui, afande, naomba radhi kwa usumbufu" latosha. Adabu haigharimu kitu, ila namba inagharimu.

Hatua ya pili: iangalie barabara

Rudi pale mchana, ukiwa na simu na futi kamba kama unayo. Sheria inazisamehe barabara kadhaa zisihitaji utafiti: mtaa wa makazi, eneo la shule, eneo la wazee, na sehemu za biashara zilizotangazwa rasmi hivyo. Tatizo ni kwamba miji hupenda kuiita kila barabara mtaa wa makazi.

Usikubali jina, pima. Kifungu 40802 kinaeleza sifa za mtaa huo: kazi yake kubwa iwe ni kuwapa watu njia ya kuingia majumbani mwao, upana usizidi futi 40 (kama mita 12), usiwe na zaidi ya nusu maili bila kukatizwa, na taa za kuongozea magari zinahesabika kuwa ni kukatizwa, na usiwe na zaidi ya njia moja kila upande. Sifa moja ikikosekana, si mtaa wa makazi kwa maana ya kifungu hicho, isipokuwa kama ramani rasmi za barabara za California zimeiorodhesha kuwa "local". Kwa vipimo hivyo, barabara yenye njia mbili kila upande imeshatoka hapo, hata ikiwa na nyumba kila baada ya mita kumi. Piga picha zinazoonyesha njia hizo, na picha za bango la mwendo lililo karibu nawe.

Hatua ya tatu: hesabu ya miaka

Hapa ndipo makosa yanapotokea, kwa sababu mtandaoni bado imejaa kauli kwamba utafiti ukizidi miaka 5 umeshinda. Kanuni ya msingi kweli ni miaka 5 kabla ya siku ya kosa. Lakini muda huo unarefushwa kuwa miaka 7 endapo askari amehitimu mafunzo ya rada yasiyopungua saa 24 (kwa leza anaongezewa saa 2), na kifaa chake kimehakikiwa na kituo huru chenye cheti ndani ya miaka 3 iliyopita. Na unaweza kufika miaka 14 ikiwa mhandisi aliyesajiliwa amekitathmini tena kipande hicho na kusema hakijabadilika sana: si upana, si wingi wa magari, si matumizi ya ardhi ya kando. Hiyo 14 ililetwa na sheria ya AB 43 ya mwaka 2021. Kabla yake ilikuwa 10, ndiyo maana makala za zamani zinapotosha.

Kwa hiyo swali kamili ni hili: utafiti una umri gani, na upande wa mashtaka una karatasi za kuurefushia? Cheti cha mafunzo, cheti cha kifaa, barua ya mhandisi. Kuwa nazo ofisini hakutoshi kama hazikuletwa mahakamani. Mimi kwenye tiketi ya pili nilikuwa na utafiti wa tarehe 9 Machi 2015 na kosa la Mei 2023. Miaka 8 na kitu. Umeshapita 7, kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye barua moja ya mhandisi: ipo au haipo.

Hesabu mpaka siku ya kosa, usihesabu mpaka siku ya kesi.

Hatua ya nne: ukamate utafiti wenyewe

Barabara ya mji ni ya jiji, kwa hiyo andika kwa idara ya kazi za umma au ya uhandisi wa trafiki. Nje ya mipaka ya mji ni kaunti. Barabara ya jimbo ni Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo, na usidanganywe na sura yake: Pacific Coast Highway pale Malibu ina maduka na taa kama barabara yoyote ya mjini, lakini ni barabara ya jimbo namba 1. Ukiwaandikia wasiohusika, wiki mbili zimekwenda.

Sheria ya California ya kumbukumbu za umma inakupa haki ya kuziona bila kueleza kwa nini. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 10 kama inazo na itakupa, na ikiwa na sababu inaweza kujiongezea siku 14. Kuona ni bure, nakala unalipia gharama yake. Barua iwe fupi na iandikwe kwa Kiingereza, kwa maudhui haya:

Naomba nakala iliyothibitishwa ya utafiti wa kihandisi na trafiki uliokuwa ukitumika tarehe fulani kwa barabara fulani, kati ya makutano fulani na fulani. Naomba pia tathmini yoyote ya mhandisi iliyofanywa baada ya utafiti huo. Kama haipo, naomba jibu la maandishi kwamba haipo.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo dhahabu. Mji unaokuandikia "hatuna tathmini ya baadaye" umekufungia nusu ya kesi. Neno "iliyothibitishwa" nalo lisikose: nakala yenye mhuri na sahihi ya mtunza kumbukumbu inapokewa mahakamani, ile uliyoichapa kutoka tovuti ya jiji inaweza kukataliwa.

Kwa wakati huo huo andikia kituo cha polisi na ofisi ya mwendesha mashtaka, uombe maelezo ya askari yaliyo nyuma ya tiketi, cheti chake cha rada, na rekodi za uhakiki wa kifaa. Mara nyingi hawajibu. Tunza nakala ya barua na risiti ya posta, maana ukimya wao nao unaweza kuutaja mbele ya hakimu.

Hatua ya tano: jinsi ya kuisoma ile karatasi

Bahasha ilipofika niliifungua jikoni nikitarajia kitabu. Zilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza jedwali la nukta nyeusi, kila nukta gari moja, zimejipanga kama mlima: chache kwenye 32 na 33, nyingi katikati, halafu zinapungua kuelekea 50. Ukurasa wa pili maneno machache na mhuri wa mhandisi.

Mambo ya lazima yametajwa kwenye kifungu 627: mwendo halisi wa magari uliopimwa, rekodi za ajali, na hali za barabara ambazo dereva hawezi kuziona kwa urahisi. Kimojawapo kikikosekana, andika pembeni. Angalia pia mipaka ya kipande. Kama utafiti ni wa kutoka makutano ya kwanza hadi ya tatu na wewe ulikamatwa baada ya la tano, huo si utafiti wa mahali pako, hata ukiwa wa jana.

Tarehe zinaweza kuwa tatu: siku magari yalipopimwa, siku mhandisi aliposaini, na siku baraza la mji lilipopitisha azimio. Mji hupenda kukuonyesha ya mwisho kwa sababu ndiyo mpya. Sheria inazungumzia utafiti ulifanyika lini, kwa hiyo shikilia siku ya kupima. Wakati mwingine miezi kumi na minane imepita kati ya kupima na kupitisha, na miezi hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoamua kesi.

Sasa namba muhimu kuliko zote: asilimia 85. Ni mwendo ambao magari 85 kati ya kila 100 yalikuwa ndani yake. Kanuni ya jumla ni kwamba kikomo kiwekwe kwenye namba ya karibu inayogawanyika kwa 5, na mhandisi anaweza kushusha maili 5 akieleza sababu kwa maandishi. Kwenye karatasi yangu asilimia 85 ilikuwa 46. Namba ya karibu ni 45. Ukishusha 5 unapata 40. Bango lilisema 35. Hizo 5 nyingine zilitoka wapi? Tangu AB 43 miji imepewa nafasi zaidi za kushusha mwendo kwenye maeneo yenye ajali nyingi au watembea kwa miguu wengi, kwa hiyo usikimbilie kushangilia, tafuta kama sababu imeandikwa. Isipoandikwa, una hoja ya pili inayosimama hata utafiti ukiwa mpya: kikomo hakijahalalishwa. Katika kesi ya People v. Goulet ya 1992 mahakama ilikubali kwamba kuwa na utafiti tu hakutoshi, utafiti huo lazima uhalalishe namba iliyo kwenye bango.

Hatua ya sita: anza kwa maandishi

California inakuruhusu kusikilizwa kwa maandishi bila kukanyaga mahakamani, kwa fomu TR-205. Unakana kosa, unaweka dhamana sawa na faini yote, na unatuma maelezo yako kabla ya tarehe. Askari naye anatakiwa kuandika ya kwake. Asipoandika, kwa kawaida kesi inafutwa. Ukishinda, dhamana inarudi. Ukishindwa, unaomba kesi ianze upya kabisa kwa fomu TR-220 ndani ya siku 20 tangu uamuzi utumwe kwa posta, na safari hii unakwenda mwenyewe. Yaani unapewa mikwaju miwili ya penalti kwa goli moja. Sioni sababu ya kuutupa wa kwanza.

Kwenye TR-205 usitaje mwendo wako. Rudia: usitaje. Ukiandika "nilikuwa 44 na barabara ilikuwa wazi", umeleta wewe ule ushahidi ambao rada imekatazwa kuuleta. Maelezo yangu kwenye tiketi ya pili yalikuwa karibu hivi, kwa Kiingereza:

Nimeshitakiwa kwa kifungu 22350. Tiketi inaonyesha mwendo ulipimwa kwa rada. Barabara hii ina njia mbili kila upande kama picha zinavyoonyesha, hivyo si mtaa wa makazi kwa maana ya kifungu 40802. Kiambatisho A ni nakala iliyothibitishwa ya utafiti wa jiji, uliofanyika tarehe 9 Machi 2015, zaidi ya miaka 8 kabla ya siku ya kosa linalodaiwa. Kiambatisho B ni jibu la jiji kwamba hakuna tathmini ya mhandisi iliyofuata. Naomba ushahidi wote wa mwendo ukataliwe kwa kifungu 40803 na shauri lifutwe.

Basi. Usieleze kuhusu mtoto uliyekuwa ukimwahi shuleni. Fomu inasainiwa kwa kiapo, kwa hiyo kila neno liwe la kweli.

Jibu lilirudi baada ya wiki tano: nina hatia. Bila sababu yoyote. Nikakasirika, halafu nikajaza TR-220.

Hatua ya saba: siku ya mahakama

Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili mapema kwa karani. Katiba ya California inampa mshitakiwa asiyeelewa Kiingereza haki ya mkalimani, na hulipi. Omba wiki kadhaa kabla, wakalimani wa Kiswahili hawako kila mahakama. Hata kama unajiweza dukani na kazini, lugha ya mahakama ni nyingine. Na usimlete binti yako atafsiri.

Mara nyingi huwakuti wakili wa serikali, ni askari na hakimu tu. Hakimu akiwa wa muda, mwanasheria aliyekaimu, utaulizwa kama unamkubali. Una haki ya kukataa na kupangiwa siku nyingine.

Utulivu ni nusu ya kazi. Askari ataanza kusimulia: nilikuwa kwenye pikipiki, nikaona gari la fedha, rada ikasoma... Hapo, kabla hajaitaja namba, simama na useme kwa sauti ya kawaida: "Mheshimiwa, napinga. Kifungu 40803 kinautaka upande wa mashtaka uonyeshe kwanza kwamba hapa si mtego wa mwendo." Ukisubiri amalize, namba imeshaingia. Hakimu akikuambia ukae, atakusikiliza baadaye, kaa. Umeshaweka pingamizi kwenye kumbukumbu, na ukikata rufaa ndicho kitakachoangaliwa.

Askari akileta utafiti, omba kuuona. Wana wajibu wa kukuonyesha. Angalia upesi: tarehe ya kupima, mipaka ya kipande, mhuri wa uthibitisho. Wa kwangu alileta kurasa zile zile mbili nilizokuwa nazo. Hakimu akauliza, "Huu ni wa 2015. Una tathmini ya mhandisi?" Askari akafungua folda, akageuza karatasi moja, ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Akasema anaamini ipo ofisini kwa jiji. Nikanyanyua mkono na kuomba kuwasilisha Kiambatisho B. Hakimu alikisoma kwa muda uliotosha mimi kusikia saa ya ukutani. Kisha akasema kesi imefutwa, akaita jina linalofuata.

Askari akimaliza ushahidi bila utafiti, bila vyeti, au na utafiti uliokwisha muda, usianze kujitetea. Mwombe hakimu afute shauri kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha. Akikataa, ndipo utoe viambatisho vyako.

Utafiti ukiwa hai

Sasa tuseme utafiti ni wa miaka mitatu, vyeti vyote vipo. Bado hujamaliza, kwa sababu karatasi ile ile inaweza kugeuka upande wako. Kifungu 22351 kinakuruhusu kuonyesha kwamba mwendo wako, ingawa ulizidi bango, ulikuwa salama kwa hali ya siku ile: jua, lami kavu, magari machache, hakuna watembea kwa miguu. Na kama asilimia 85 ni 46 nawe unadaiwa kuwa 45, unamwonyesha hakimu kwamba mhandisi wa jiji mwenyewe aliwakuta madereva wengi wakienda hivyo hivyo. Hoja hii ni dhaifu kuliko ile ya kwanza kwa sababu mzigo sasa ni wako na uamuzi ni wa hakimu, lakini ni bora kuliko kulalamika.

Kuhusu shule ya trafiki, yaani kozi ya madereva waliopata tiketi, kwa tiketi ya kawaida unaweza kuichagua mara moja kila miezi 18, pointi (alama ya kosa kwenye rekodi yako ya udereva) ikafichwa kwa kampuni ya bima, ila faini unalipa pamoja na ada. Faini ya msingi kwa kuzidisha maili 1 hadi 15 ni dola 35 tu, lakini nyongeza za jimbo na kaunti huivusha dola 200. Ukienda kwenye kesi na kushindwa, kukupa shule kunabaki kwenye hiari ya hakimu, kwa hiyo iombe pale pale kabla hujatoka.

Ndugu zangu wa malori, ninyi ni habari nyingine kabisa. Kwa mwenye leseni ya biashara, kuzidisha maili 15 au zaidi akiwa kwenye lori ni kosa zito kwa sheria ya shirikisho, na mawili ndani ya miaka 3 yanamfungia kuendesha malori kwa siku 60. Shule ya trafiki haifuti hilo. Kwenu tiketi yenye utafiti mzee si ya kulipa haraka ili yaishe, na hapa gharama ya wakili inaweza kulipa.

Na bahasha ikija nyumbani yenye picha ya gari lako, bila askari kukusimamisha, hiyo huenda ni kamera ya mwendo chini ya sheria ya AB 645 ya 2023, inayojaribiwa katika miji michache ikiwemo San Francisco, Oakland na Los Angeles. Hiyo ni faini ya madai, haina pointi, na ina utaratibu wake wa kupinga. Soma maelekezo yaliyo nyuma ya karatasi.

Baada ya kushinda, dhamana hurudi kwa hundi ya posta, kwa hiyo kama umehama mwambie karani anwani mpya kabla hujatoka mlangoni. Yangu ilichukua miezi miwili. Hundi ikiingia, toa nakala ya rekodi yako ya DMV, idara ya magari ya jimbo, na uhakikishe hakuna pointi iliyobaki kwa makosa. Ikiwepo, rudi kwa karani na hati ya kufutwa kwa kesi.